Imeli Zangu Zilifika kwa Nani?

Wewe uliyefungia mandazi gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, sogea nikueleze kwa ufupi. Anayejua tayari anivumilie kidogo.

Naitwa Ndanu. Mwaka huo wa 1999 nilikuwa nikiuza pampu za maji kwa kampuni moja ya Industrial Area, mwanamke pekee katika idara nzima ya mauzo. Nyumbani ni Makongeni, kwenye nyumba za reli, kwa sababu mume wangu Muthama alikuwa fundi katika karakana ya reli. Tuna mtoto mmoja, Muthoki.

Meneja wetu, Bwana Gachanja, alirudi kutoka ng'ambo na kompyuta ndogo ya kushika kiganjani. Tuliiita organaiza. Wanaume wote wakanyoosha mikono, yeye akanikabidhi mimi. Kila asubuhi niliikalisha kwenye kitako chake kando ya kompyuta ya mezani, nikabonyeza kitufe, na imeli zangu za kazi zikaingia humo. Kisha nikaondoka nazo kwenda Machakos, Kitui, Thika, kokote waliko wateja.

Halafu imeli zikaanza kupotea.

Hospitali moja ya misheni kule Kitui iliniandikia kwamba nisipeleke pampu ndogo; kisima kimepimwa upya na kinataka kubwa. Sikuiona imeli hiyo. Nikapeleka ndogo. Ikaungua siku hiyohiyo, na wagonjwa wakawa wanaoga kwa maji ya kuletwa na punda.

Gachanja akaniita mzembe mbele ya idara nzima. Akasema kufikia Ijumaa nimwonyeshe imeli zangu zilikwenda wapi, la sivyo nifungashe virago. Wateja wangu wote akampa Kiarie, jamaa wa meza ya pili, ambaye alikuwa akiimezea mate kazi yangu tangu siku niliyoajiriwa.

Hapo ndipo tulipoachia. Sasa sikia.

Jumatano asubuhi nilimkuta Kiarie amekalia kiti changu.

"Niaje, Ndanu? Nilidhani umeshaaga."

"Niage niende wapi? Ondoka hapo."

"Mdosi amesema wateja wako ni wangu."

"Wateja amekupa. Kiti hajakupa. Ondoka."

Akaondoka, lakini kwa ile mbwembwe ya mtu anayejua atarudi.

Mimi si mwanamke wa kwenda kulilia chooni. Niliweka mkoba chini nikaanza kazi. Kila mtu aliniambia organaiza ni mbovu, basi nikaanza na hiyo. Nikaitia betri mpya. Nikasugua vile vidole vya shaba kwenye kitako kwa pamba na spiriti. Nikabadilisha waya. Nikabonyeza kitufe, ikalia vizuri kama kawaida yake. Imeli za asubuhi, hakuna hata moja.

Nikampigia simu Wathome, karani wa stoo.

"Wathome, jana jioni nilikuomba uniandikie imeli mkishafunga. Uliandika?"

"Niliandika, dada. Nilikuuliza kama utakuja kwenye harambee ya binti yangu."

"Haiko. Niandikie nyingine sasa hivi."

Haikupita hata muda wa kunywa chai, ikafika kwenye kompyuta ya mezani. Nikabonyeza kitufe, ikaingia kwenye organaiza. Nikaisoma: "Na pia njoo na mzee wako."

Nikaketi nikatafakari. Imeli ya mchana imefika. Ya jioni haikufika, na haikuwa kwenye organaiza wala kwenye kompyuta kubwa. Basi organaiza ilikuwa haina kosa. Itanakili nini wakati kompyuta yenyewe haijapokea kitu? Ugonjwa ulikuwa mbele zaidi.

Nikainua simu tena, nikawapigia wale waliotuuzia huduma ya intaneti. Akapokea msichana, akasema jina lake ni Sally. Nikamweleza.

"Madam," akasema, "imeli zako haziji moja kwa moja hapo kwenu. Zinakaa kwetu, kama barua kwenye sanduku la posta. Anayefungua wa kwanza anazibeba. Anayefungua wa pili anakuta sanduku tupu."

"Wa pili ni nani? Sanduku ni langu peke yangu."

Nikasikia anabofyabofya.

"Kila asubuhi linafunguliwa mara mbili, madam. Mara ya pili ni kutoka ofisini kwenu. Mara ya kwanza, kabla hata hamjafungua ofisi, ni kwa laini ya duka moja la mawasiliano. Liko Eastleigh. Na huyo anayefungua analo neno lako la siri, maana bila hilo haingii. Nani mwingine analijua?"

"Hakuna."

"Basi yupo. Nikubadilishie sasa hivi?"

"Usiguse."

"Madam?"

"Mwizi akikuta kufuli jipya atahama. Nataka nimkute ndani. Hilo duka linaitwaje?"

Akasita. Akaniambia hatakiwi kusema. Nikamwambia mimi pia nilitakiwa nisifukuzwe kazi. Akasema.

Sasa nikuulize wewe msomaji: katika idara yetu, nani alikuwa akiishi Eastleigh?

Kiarie. Section Three.

Saa ya chakula tulikuwa tukila nje ya geti, kwenye kibanda cha mabati, wafanyakazi wa viwanda vitatu vinne pamoja. Kiarie alikuwa ameinamia sahani ya githeri. Nikasimama mbele yake.

"Kiarie, wewe ndiye mwizi wa imeli zangu."

Vijiko vikasimama.

"Sema tena?"

"Unazifungua asubuhi huko kwenu Eastleigh kabla hujaja kazini. Umeniunguzia pampu, umewanyima wagonjwa maji, yote ili ukalie kiti changu. Kataa mbele ya hawa watu!"

Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akafuta mdomo.

"Ndanu, kazi yako naitaka. Sifichi, kila mtu hapa anajua. Lakini nikiichukua nitaichukua mchana kweupe, kwa kuuza kuliko wewe. Niamke alfajiri kwa sababu ya imeli zako? Mimi?" Akasukuma sahani. "Mwizi usiniite tena. Mama yangu yuko hai na hajazaa mwizi."

Akaondoka, githeri akaiacha. Mama mwenye kibanda akanitazama kama mtu aliyemwagia mchanga chakula chake. Sikujali. Nilikuwa na uhakika.

Jioni nyumbani nilikuwa bado nimefura. Muthama aliingia na jaketi lake la reli, akaweka flaski mezani, akauliza kazi ilikuwaje.

"Nimempata mwizi wa imeli," nikamwambia. "Ni Kiarie."

Tulikuwa tunakula ugali; tonge lake lilisimama njiani.

"Kiarie? Una hakika?"

"Kabisa."

Akatafuna kidogo. Akameza.

"Basi afukuzwe," akasema. "Mtu kama huyo asionewe huruma."

Nilimpenda sana dakika ile. Nilitaka kumweleza na habari za duka la Eastleigh, lakini Muthoki alimwaga chai kwenye daftari lake la hesabu, tukashughulika na kuanika karatasi, na neno hilo likanitoka. Si kwamba nilimshuku. Nimshuku kwa nini?

Alhamisi alfajiri nilimjazia flaski yake chai ya maziwa, nikamfungia viazi vitamu kwenye karatasi, akaenda karakana. Nikampeleka Muthoki shuleni. Kisha, badala ya kwenda Industrial Area, nikakata kwa miguu kupitia Shauri Moyo na Pumwani hadi Eastleigh.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya wauza vitambaa. Mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anafungua mlango, mama wa Kisomali mwenye buibui ya kahawia na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Jina lake Ruqiyo.

"Karibu, dada. Simu, faksi, imeli, fotokopi?"

"Namtafuta mtu."

"Watu siuzi. Nauza laini."

"Kuna mteja wako anafungua sanduku langu la imeli kila asubuhi. Kesho nafukuzwa kazi kwa ajili yake."

Akaniangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Wateja wangu ni amana. Simtaji mtu."

"Sikuombi umtaje. Naomba unipe mahali pa kukaa."

Akawasha kompyuta moja, akawasha ya pili. Halafu akaniuliza, "Una watoto?"

"Mmoja."

"Kaa pale nyuma ya fotokopi. Na usinipigie kelele dukani."

Nikakaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote ya kumwambia Kiarie. Nilikuwa nayo ya Kiswahili, ya Kikamba na mengine ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Ngazi zikalia. Mlango ukafunguka.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni flaski. Flaski ya bluu, mpini umefungwa utepe mweusi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba asubuhi hukijazia chai.

"Salama, Ruqiyo?" akasema Muthama. "Naomba ile mashine yangu."

Mashine yake! Akaketi kama mtu aliyefika ofisini. Akatundika jaketi la reli kwenye mgongo wa kiti. Akavaa miwani ya kusomea, ambayo nyumbani anakataa kuivaa kwa sababu inamzeesha. Nikatoka nyuma ya fotokopi pole pole nikasimama mgongoni pake.

Jina langu lilikuwa kwenye skrini. Chini yake, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, alikuwa akiandika neno la siri. Nilizisoma herufi kwa kufuata kidole chake. K, A, V, I...

Kavindu. Jina la marehemu mama yangu.

"Ukimaliza kumsumbua mama yangu utaniambia," nikasema.

Aliruka, kiti nusura kimwangushe.

"Mama Muthoki! Wewe... si uko kazini?"

"Na wewe? Karakana ya reli imehamia Eastleigh?"

Ruqiyo alienda mlangoni akageuza kibao kuonyesha kwamba pamefungwa. Mungu amjalie mama huyo.

Muthama akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Hakuna karakana," akasema. "Walinipunguza tangu wakati wa mvua za masika. Tulikuwa wengi."

"Masika? Masika ya mwaka huu?"

"Ndiyo."

"Na mimi kila alfajiri nakujazia flaski! Ulikuwa ukienda wapi?"

"Kutafuta kibarua. Nikikosa, nakaa Uhuru Park mpaka saa ya kutoka kazini ifike."

Kitu kingine kikanijia.

"Baba Muthoki, nyumba ile ni ya wafanyakazi wa reli."

Akainamisha kichwa. "Wametaka tuhame mwisho wa mwezi."

Nikaishika fotokopi kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto. Sikuiachia.

"Haya. Na imeli zangu zimekukosea nini?"

Hapo sasa sauti yake ikapanda kidogo, ile sauti ya mwanamume anayedhani ana haki mahali fulani.

"Mwanamume hampi mwanamke kitu cha bei kama ile bure, Ndanu. Gachanja ana wafanyakazi wangapi? Kwa nini wewe? Kila jioni kinalia tii, unakichungulia, unatabasamu. Mimi mume nimekaa pale, sina kazi, natazama unavyotabasamu. Nikataka kujua unamtabasamia nani."

"Neno la siri ulilipata wapi?"

"Nilijaribu jina la Muthoki likakataa. Nikajaribu la mama yako."

"Na ukagundua nini?"

Akaikunja miwani.

"Nauliza, ukagundua nini?"

"Pampu."

"Nini?"

"Pampu tu. Mabomba, vali, urefu wa visima. Imeli baada ya imeli, hakuna kingine."

"Na bado ukaendelea kuja kila siku?"

Akanitazama. Tangu niolewe naye sikuwa nimewahi kuyaona macho yale.

"Nilikuwa nimezoea," akasema. "Ilikuwa kama kwenda kazini. Naketi, nasoma habari za wateja, nafuatilia pampu ya nani imefika na ya nani bado. Nilisoma tu, Mama Muthoki. Sikuchukua kitu."

"Hapana, mzee," Ruqiyo akasema kutoka mezani kwake. "Mashine hii ikivuta imeli, inaitoa kule. Ukiisoma hapa, kule haipo tena. Zote ziko humu ndani, mimi sijafuta hata moja."

Muthama akageuka akaitazama mashine. Uso wake ulishuka taratibu. Hapo nikajua kwamba jambo hilo moja hakulijua. Alidhani kusoma ni kama kuchungulia dirishani. Unaondoka, na nyumba inabaki na vitu vyake.

Ungenikuta mimi wa zamani pengine ningelainika. Lakini nikakumbuka ugali wa jana.

"Jana nilikwambia ni Kiarie," nikasema. "Ulijua anayefungua sanduku langu ni wewe. Ukameza tonge, ukasema afukuzwe. Afukuzwe mtoto wa watu!"

Akaiweka miwani mezani.

"Umemwambia mtu yeyote ulichokuwa ukisoma?"

Alichelewa. Alichelewa kidogo tu. "Hapana," akasema.

Nikamgeukia Ruqiyo. "Dada, naomba uninakilie imeli zangu zote kwenye diski."

"Mama Muthoki, subiri." Muthama akanishika mkono. "Ukimpelekea Gachanja hiyo diski atauliza imetoka wapi. Mwambie mtambo uliharibika. Mwambie laini zilikuwa mbaya, kwani laini za simu za Nairobi nani asiyezijua? Jina langu usilitaje. Mtoto atatazamwaje shuleni?"

Nikautoa mkono wangu.

"Nimeitwa mzembe mbele ya idara nzima nikanyamaza kwa sababu sikujua. Sasa najua. Unataka niongeze na uongo juu yake? Ya kwako uliyoficha tangu masika hayakutoshi?"

"Nitaishi vipi na aibu hiyo?"

"Kama ninavyoishi mimi na yangu. Kwa miguu, kila asubuhi, mpaka ofisini." Nikaipokea diski. "Kesho saa nne nitakuwa mbele ya Gachanja. Njoo useme kwa mdomo wako. Usipokuja, nitasema kwa mdomo wangu, na wangu unaujua."

Nikamwacha pale na viazi vyake vitamu.

Ijumaa niliamka nikamkuta hayupo. Nikajisemea, sawa, amekimbia. Nikavaa sketi yangu ya kijivu na viatu vya kisigino ninavyovaa kwenye harusi, nikaenda.

Kwanza nikamtafuta Kiarie. Nikamkuta kwenye kibanda cha mabati, chai ikiuzwa, wakiwa walewale wa juzi.

"Kiarie, nilikuita mwizi mbele ya watu. Si wewe. Naomba radhi mbele ya watu haohao."

Alinikazia macho. Hakuzoea kupewa kitu na mimi.

"Aliyekuwa akiiba ni nani?"

"Utasikia pamoja na wengine."

"Na kile kiti?"

"Kiti ni changu."

Akatikisa kichwa, lakini nikaona anajizuia kucheka. "Wewe mwanamke ni noma," akasema.

Saa nne nikaingia kwa Gachanja nikafunga mlango. Nikaweka diski mezani. Akaitia kwenye kompyuta yake, akasoma moja baada ya nyingine. Akaifikia ile ya hospitali.

"Basi ni kweli hukuipata," akasema.

"Ni kweli."

"Nani aliyeichukua?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mlango ukabishwa. Karani wa mapokezi akachungulia, akasema kuna mgeni.

Muthama aliingia amevaa suti ya harusi yetu. Ilikuwa imembana mabegani. Hakunitazama. Alisimama katikati ya ofisi, mikono ameishika mbele kama yuko kanisani.

"Mimi ndiye niliyezichukua, bwana," akasema. "Mke wangu hakujua. Hakunipa neno la siri, nilikisia. Nilikuwa mjinga wa wivu. Kosa ni langu lote."

Nitakwambia ukweli, msomaji. Nilikuwa nimemkasirikia sana. Na bado kifua changu kilipanda. Kumbe alikuwa na uti wa mgongo, ulikuwa umekaliwa tu.

Gachanja akatabasamu. Akamvutia kiti.

"Keti, mzee. Asante kwa ukweli wako." Kisha akainua simu, akaongea maneno machache kwa sauti ya chini. Nikasikia neno "afande."

"Bwana Gachanja," nikasema, "unapigia nani?"

"Ndanu, ule mradi wa visima vya Makueni tuliupoteza. Wapinzani wetu walikata bei yao chini ya yetu kidogo tu, kana kwamba walikuwa wameiona. Bei yetu ilikuwa ndani ya imeli zako. Na imeli zako, mumeo amekiri mwenyewe, alikuwa nazo yeye." Akasogeza karatasi kwangu. "Sanduku ni lako, kwa hiyo mlalamishi ni wewe. Weka sahihi hapa. Kazi yako iko, wateja wako nitakurudishia leo hii."

"Na nisipoweka?"

"Basi nitajua mlikuwa pamoja."

Unaona mtego huo? Mguu mmoja nipoteze mume, mguu wa pili nipoteze kazi, na nyumba tayari imeshakwenda.

Nikamtazama Muthama. Macho yake yalikuwa sakafuni. Nikakumbuka alivyochelewa kunijibu pale kwa Ruqiyo.

Polisi hawakukawia. Waliingia wawili, mmoja mnene, ameshika kofia.

"Mlalamishi ni nani hapa?"

Gachanja akanielekeza kwa kidole.

Nikasimama.

"Ni mimi, afande. Jina langu andika. Lakini kabla hujaandika la mtu mwingine, kuna swali nataka kumuuliza huyu bwana." Nikageuza kiti changu nikakaa tukitazamana, magoti yetu karibu kugusana. "Baba Muthoki. Niangalie. Bei za Makueni uliuza?"

Akainua macho. Nilingoja aseme ndiyo, nilingoja aseme la, vyote viwili nilikuwa nimejiandaa navyo.

Hakunijibu mimi. Alimgeukia Gachanja.

"Nimwambie nilichosoma," akamuuliza, "au utamwambia wewe?"

Bwana Gachanja akavuta droo, akaifunga, akaivuta tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Afande," akasema, "hebu tutoke nje kidogo, mimi na nyinyi. Haya ni mambo ya ofisi."

Yule mnene akavaa kofia yake. Gachanja akanyanyuka.

Nikawatangulia mlangoni, nikauegemea kwa mgongo, nikazungusha ufunguo na kuutia ndani ya blauzi.

"Hakuna anayetoka hapa," nikasema.